Kahawa ya Mwinyimvua Iliyotemwa Mbele ya Kamera

Mwinyimvua wa Dunda aliuza kahawa Bagamoyo tangu Mjerumani hajasahaulika vizuri, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuitema kahawa yake. Walikuwapo walioinywa huku wakimsengenya. Walikuwapo walioungua ndimi wakamlaumu yeye badala ya pupa zao. Lakini kutema, hapana. Akipita na dele lake, jiko la mkaa likifuka chini yake na vikombe vikigongana kiganjani, watu walikatiza hata kesi ya talaka wakamsubiri amimine.

Basi mwaka hamsini na nne likaja lori la watu wa sinema, na ndani yake mtunzi wa riwaya kutoka Ailandi. Mwenyewe hakupenda kuitwa Mwingereza. Ukimwita hivyo aligeuka mwekundu, na tayari alikuwa mwekundu wa kutosha. Riwaya zake zilipogeuzwa picha, alikuwa na sharti moja: naye aonekane humo, japo kwa kupita. Salumu, mkalimani aliyetoka nao Dar es Salaam, aliwaeleza watu barazani kwamba katika picha moja bwana huyo alikuwa abiria anayesinzia kwenye treni, katika nyingine mlevi wa harusini, na kwao Ulaya alishatokea hata kwenye televisheni.

“Ndiyo nini hiyo?” akauliza Mwinyimvua.

“Sinema iliyofungiwa kwenye kabati, mzee wangu. Unakaa nayo sebuleni.”

“Na huyu alikuwa humo kabatini?”

“Alikuwamo.”

“Aliyemfungulia akatoka ana lake jambo.”

Watu wakacheka, na Mwinyimvua akacheka nao. Bado hakuwa na ugomvi na mtu.

Safari hii mtunzi alitaka aonekane akinywa kahawa ya mtaani. Mwinyimvua akaitwa, akavaa kanzu ya Ijumaa, akaambiwa amimine tu kama kawaida. Salumu akamwonya jambo moja: asiitazame kamera. “Ukiitupia jicho tu, mzee, picha imekufa, inabidi warudie mwanzo.” Mwinyimvua akatii. Akamimina, akatoa kikombe kwa mkono wa kulia, akainamisha macho kwa adabu. Mwailandi akapiga funda, akatumbua macho, kisha akaitema kahawa yote chini, pwaa, hadi matone yakarukia pindo la kanzu. Wazungu wakacheka wakishika mbavu. Mji mzima ulikuwa umesimama pale, na nusu yake ikacheka pia, maana kicheko hakina kwao.

“Ndivyo ilivyoandikwa, mzee,” Salumu akamnong’oneza. “Ni mchezo.”

“Ungeniambia kabla.”

“Ungekubali?”

Mwinyimvua akakung’uta pindo la kanzu, akabeba dele lake.

Kufika alasiri, Rajabu, muuza kahawa wa upande wa sokoni, alikuwa keshapata wimbo wake. “Njooni kwangu, wa kumeza! Wa kutema nendeni Dunda!” Kesho yake barazani pale Dunda kijana mmoja alipokea kikombe, akanywa, akatema kwa mbwembwe, akapigiwa makofi. Baada yake wakatema wengine. Ikawa ndiyo dhihaka ya mji. Wazee wenye haya zao walianza kupitia njia ya nyuma ili wasikutane naye. Mwinyimvua alirudi nyumbani na dele zito.

“Ni maneno ya mjini tu, mume wangu, yatapita,” mkewe Mwaija alimwambia.

“Yatapita, halafu ile picha itakuja. Itakuja na gari la sinema, itatandazwa ukutani, nami nitatemewa tena mbele ya watoto wa watoto wangu. Hiyo picha haitoki hapa na mate yale.”

Wala haikutoka. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye mashine, picha yote ikaharibika, na Salumu akaja na kofia mkononi.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Wanataka kurudia?”

“Wanataka. Najua umekasirika.”

“Mimi? Nakuja.”

Salumu angekuwa na akili, angeogopa palepale.

Mwaija alipoona anapika, alichungulia asije akatia pilipili. Hakutia. Aliipika kwa heshima zote, tangawizi kavu kwa kipimo chake, ila nzito, nyeusi, ya kumkeshesha hata maiti.

Wakajipanga. Mwailandi akanywa, akatema, na papo hapo Mwinyimvua akainua uso akaikodolea kamera kama anayemtazama mwizi wa kuku wake. Mkubwa wa picha akapiga ukelele. Ikarudiwa. Mwinyimvua akaikodolea tena. “Samahani, mashine yenyewe ina jicho kubwa,” alisema kwa sauti ya mtoto wa madrasa. Ikarudiwa, ikarudiwa tena. Mwailandi alitema, lakini nani awezaye kutema yote? Kila mara kidogo kilishuka. Kope zikaanza kumcheza, akawa anazungumza haraka bila kuulizwa. Umati nao ukaanza kuelewa. Vicheko vikahama, vikamwelekea mwenye kikombe.

Jua likaanza kuwatoroka, na lori lilikuwa na safari ya kurudi Dar es Salaam alfajiri.

“Mzee wangu,” Salumu akasema kwa kusihi, “wameshajua. Unataka nini?”

“Ameze.”

“Haikuandikwa hivyo.”

“Si mwandishi ni yeye? Aandike upya. Ameze, aseme ahsante kama mtu aliyelelewa. Nami sitainua jicho.”

Wakabishana kizungu mpaka mkubwa wa picha akatupa kofia chini. Kisha Mwailandi akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akameza. Koo lake lilionekana likipanda na kushuka. “Ahsante,” akasema. Mwinyimvua alikuwa ameinamisha macho.

Hapo, bila kuambiwa na mtu, Mwailandi akanyoosha kikombe aongezwe. Pengine ilikuwa imemnasa kweli.

“Mwambie imekwisha,” Mwinyimvua alimwambia Salumu, akalitikisa dele. Kila mtu aliisikia kahawa ikicheza ndani. Akamgeuzia mgongo, akaenda moja kwa moja kwa Rajabu aliyekuwa mbele ya umati, akammiminia hadi ukingoni. “Karibu, bwana. Uteme au umeze, chagua.”

Rajabu akawatazama watu, akameza, akarudisha kikombe bila wimbo. Mwinyimvua akaendelea kuwamiminia waliobaki mmoja mmoja, na Mwailandi akasimama pale mkono umenyooka. Kamera haikuwa imezimwa.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilipokuja, hivyo ndivyo Mwailandi alivyoonekana ukutani: ameshika kikombe kitupu, anangoja. Salumu, aliyekuja na gari lile, alimtafuta mzee kwenye giza la watazamaji.

“Sasa umemsamehe?”

“Bado,” akasema Mwinyimvua, akimmiminia. “Akirudi, bado imekwisha.”