Karatasi Inayojua Kuachia

Siku ya kwanza nilipopelekwa Mzenga kutambulishwa, bibi wa mke wangu alinitazama kuanzia viatu hadi utosini, kisha akamuuliza mjukuu wake kana kwamba mimi sipo: "Huyu anajua kutunza nini?"

Watu wakacheka. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, wao Wazaramo wa Kisarawe, watani wa tangu enzi, na mtani akikuchoma unatakiwa ucheke naye. Nikacheka. Lakini swali lilinikaa kooni. Miaka sita baadaye, tukiwa na watoto wawili na nyumba yetu Misugusugu, bado liliniwasha kila nilipokanyaga uani kwake.

Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita bibi, na baada ya shikamoo na marahaba hakuna heshima nyingine inayovuka mlango. Ataniambia mbele ya wageni kwamba babu zangu walifika pwani na mizigo ya watu mabegani, na mimi nimebaki huku kwa sababu nilisahau njia ya kurudi. Nami nitamwambia kwamba kama Wazaramo wangelima nusu ya wanavyocheza ngoma, Mzenga ingekuwa na maghorofa. Ndivyo tunavyopendana.

Kazi yangu ni ya masijala katika ofisi moja ya Kibaha. Hiyo ni kazi. Ugonjwa wangu ni saketi. Nachora njia za umeme kwenye kompyuta, nazichapa kwa printa ya leza zikiwa kinyume kama kwenye kioo, nailaza karatasi kifudifudi juu ya kibao chenye ngozi ya shaba, kisha napiga pasi. Joto likikolea, ule wino wa unga unaiacha karatasi na kuing'ang'ania shaba. Naloweka, nabandua karatasi, natumbukiza kibao kwenye dawa ya kahawia inayokula shaba yote iliyo wazi, na chini ya wino zinabaki njia zangu. Kwa maelezo ni rahisi kuliko kupika chai. Kinachotia watu wazimu ni karatasi. Inatakiwa iupokee wino kwenye printa, halafu ikipigwa pasi iuachie wote, bila kubaki na hata chembe. Karatasi nyingi zinajua kupokea. Zinazojua kuachia ni chache mno.

Mke wangu anauita ugonjwa huu "mambo yako ya pasi". Kwa nini, mtaona.

Jumamosi moja tulimkuta bibi amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga, kipimajoto mkononi, uso umekunjamana. Mashine yenyewe ni sanduku la mbao lenye balbu mbili na kidude cha kuziwasha na kuzizima joto linaposhuka au kupanda. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo, kidude kikaungua. Ndani mlikuwa na mayai arobaini na matatu ya kuku wa kienyeji. Tangu juzi yake bibi alikuwa akichomoa na kuchomeka waya kwa mkono, na hakuthubutu kwenda hata kwa jirani.

Hilo angelivumilia. Lakini Jumamosi iliyofuata mjukuu wa mdogo wake alikuwa anatolewa mwali, na katika ukoo huo bibi ndiye anayeongoza nyimbo. Bila yeye ngoma ingechezwa, ila ingechezwa na watu wasiojua maneno.

"Kwa hiyo siendi," alisema. Hakusema kwa utani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila kunichokoza, na niliumia kuliko nilivyotarajia.

"Kariakoo wanauza hicho kidude," mke wangu alisema. "Kipya, kwenye boksi lake."

Mtu mwenye akili timamu angenyamaza hapo. Mimi nikasikia lile swali la miaka sita likinikuna koo. "Nitakitengeneza mwenyewe," nikasema. "Jumamosi ijayo asubuhi kitakuwa hapa, bibi, na wewe utakwenda ngomani."

Bibi akanigeukia. Macho yalikuwa yameanza kucheka. "Utatengeneza kwa kichwa, mume wangu, au kwa bega?"

Sasa naomba nikiri kosa. Ukutani sebuleni kwake palikuwa na kalenda ya duka moja la pembejeo, ya mwaka uliopita zamani, imebaki karatasi moja tu. Nyingine zilishakwenda kujalidia madaftari ya wajukuu. Juu ilikuwa na picha ya jogoo, chini miezi miwili. Mbele inang'aa, nyuma nyeupe kabisa, na nyepesi. Niliishika ncha kwa vidole viwili nikaipima unene. Mtu mwenye ugonjwa wangu akiona karatasi ya namna ile, mkono haumtulii.

Nilijitetea kichwani upesi upesi. Kwanza, mwaka wake umekwisha, kwa hiyo ni takataka. Pili, imechafuka, ina vinukta vyeusi kwenye baadhi ya tarehe, bila shaka nzi. Tatu, mali ya mtani ni mali yangu. Bibi alipokwenda kutazama sufuria, niliichomoa, nikaikunja ndani ya shati, na ule mraba safi uliobaki ukutani nikaufunika kwa kutundika ungo wake kwenye msumari uleule. Nilirudi nyuma hatua moja kutazama. Ungo ulipendeza.

Karatasi ile niliiweka akiba kwa sababu ilikuwa moja. Jumapili nilianza na karatasi nyeupe za kawaida, zile tunazochapia barua. Zilibandukana vipande vipande na nusu ya wino, njia zikabaki zimenyofolewa kila mahali. Jumatatu nilinunua karatasi ya picha kwenye stesheneri moja ya Kongowe. Ile inang'aa kwa plastiki, na mimi sikulijua hilo mpaka plastiki ilipoyeyuka na kuganda chini ya pasi ya mke wangu. Asubuhi yake alikwenda kazini na blauzi isiyopigwa pasi. Hakuniaga.

Jumanne nilijaribu kadi ya harusi. Ilikuwa nene, na maua yake yaliyoinuka yalifanya wino ushike sehemu za mabondeni na kuruka milima. Jumatano nilichukua ile karatasi laini inayobaki nyuma ukishabandua stika. Niliisifu sana mchana kutwa. Jioni, wafanyakazi wenzangu walipoondoka, niliiingiza kwenye printa ya ofisi. Karatasi ile haishiki kitu chochote, na wino wangu ukaliwa na mashine kabla ya kufika nje. Alhamisi asubuhi kila barua iliyotoka kwenye masijala ilikuwa na kivuli cha saketi upande wa kulia. Mkuu wangu aliinua moja kwenye mwanga na kuuliza hii ni nini. Nikamwambia, kwa sauti ya huzuni, kwamba printa inazeeka.

Ijumaa jioni sikuwa na ujanja tena. Nikamtoa jogoo wa bibi kabatini. Nilikata kipande, nikachapa upande mweupe, nikapiga pasi dakika nne nikiwa nimeshika pumzi, nikakitumbukiza kwenye beseni la maji. Baada ya robo saa karatasi ilianza kuvimba yenyewe, ikateleza juu ya kibao bila kusukumwa, na wino wote ukabaki kwenye shaba, mweusi, umekaza, kila mstari mahali pake. Nililia kidogo. Sioni aibu kusema. Mabaki ya kalenda yalidondokea beseni hilohilo, yakalowa yakawa uji, nikayamwaga chini ya mpapai.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Mzenga na kidude changu kwenye boksi la viatu. Mke wangu alikuwa ametangulia tangu jana yake kwa ajili ya ngoma. Nikafunga waya, nikachomeka. Balbu zikawaka. Joto likapanda, kidude kikalia tik, balbu zikazima. Likashuka, tik, zikawaka. Nilisimama katikati ya chumba nikisubiri kusifiwa.

Bibi alitazama tik nne au tano. "Sawa," alisema. Alikuwa ameshajifunga khanga zake za sherehe. "Sasa mume wangu, niangalizie kalenda. Nilitia nukta kila siku tangu nilipoyaweka mayai. Ikifika siku ya kumi na nane hayageuzwi tena, ukiyageuza unaua. Lakini kama haijafika na hujageuza, kifaranga kinagandia ubavuni, nacho kinakufa. Leo siku ya ngapi?"

Nzi. Mimi nilisema nzi.

"Kalenda ya mwaka ule, bibi?" nikauliza, nikitafuta mlango.

"Miraba ni miraba. Ipo hapo nyuma ya ungo."

Nikauondoa ungo. Tukautazama ule ukuta msafi, mimi na yeye. Kisha nikasema yote: msumari, shati, pasi, beseni, mpapai. Hata nzi niliwataja. Nilitarajia matusi ya mtani, yale mazuri, na ningeyapokea kwa shukrani. Bibi alikaa kwenye kigoda akashika shavu.

"Basi mimi nitapelekaje sauti ngomani," alisema polepole, "na hapa sijui nigeuze ama nisigeuze."

Nje wanawake walikuwa wanamwita. Nilijiona mtu duni kuliko wote wa mkoa wa Pwani. "Nenda, bibi," nikasema. "Nitakaa mimi. Mimi ndiye niliyeharibu, nitayalalia mwenyewe."

Alinyanyuka upesi mno kwa mtu mwenye huzuni, lakini wakati ule sikulitambua hilo. "Maji yapo kwenye mtungi, mkaa upo jikoni," akasema, na akaondoka.

Nikabaki na mayai. Ngoma ilisikika kutoka ng'ambo, na sauti ya bibi juu ya sauti zote, kavu na ya kuchokoza. Nilifunga dirisha, nikamulika mayai moja moja kwa tochi ya simu. Yote yalikuwa meusi, isipokuwa upande mnene palipokuwa na nafasi ya hewa. Kwenye yai la saba niliona kitu kikisogea kuelekea kwenye ile nafasi, kikagonga, kikatulia. Nikaliweka sikioni. Ndani mlikuwa na mlio mdogo, wa mtu anayelalamika chini ya blanketi.

Nikaamua: hayageuzwi. Niliamua kwa sauti kubwa ili nisijibadilishe, kisha nikakaa nikitokwa jasho. Kama nimekosea, nimemuulia bibi vifaranga arobaini na watatu, na jibu la lile swali lake litajulikana Mzenga nzima.

Saa tisa alasiri umeme ukakatika. Balbu zikazima, na kidude changu kizuri, chenye njia zake nyembamba zilizonyooka, kikakaa kimya. Nilikitukana kwa Kinyamwezi. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikajaza chupa za plastiki, nikazifunga kwa khanga na kuzipanga ubavuni mwa mayai, nikalifunika sanduku kwa blanketi. Zikipoa nachemsha nyingine. Macho yaliuma kwa moshi, goti liliuma kwa kigoda, na kila nilipofungua kifuniko nilisoma kipimajoto nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo huwa nayatunza kwa wagonjwa wa familia. Umeme ulirudi jioni jua linazama. Nilikaa palepale. Sikukiamini tena.

Jumapili asubuhi yai la saba lilikuwa na tundu, na kwenye tundu palikuwa na mdomo. Mpaka bibi anarudi, saa nne, ana vumbi hadi magotini na sauti imemkauka kabisa, vifaranga kumi na tisa walikuwa wamesimama kwenye sanduku wamelowa, na wengine wanapasua. Nilikuwa na masizi usoni. Nilimwambia kila kitu, pamoja na umeme, pamoja na sikio, na kwamba niliamua peke yangu kutoyageuza.

"Umeamua vizuri," alinong'ona, maana sauti nyingine hakuwa nayo. "Mimi niliacha kuyageuza tangu Alhamisi."

"Bila kalenda?" nikauliza.

"Niliyaweka Jumapili ile mwanao alipong'oka jino. Nimezaa saba, mume wangu, hakuna hata mmoja niliyemhesabia ukutani. Zile nukta nawawekea nyinyi mnaopenda kuuliza leo siku ya ngapi."

"Na ungo?"

"Ungo wangu unakaa jikoni tangu mama yako mkwe hajaolewa. Uliponiibia, kesho yake tu niliutafuta nipepete mchele, nikaukuta umeziba pengo la kalenda." Akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, akafuta machozi kwa pindo la khanga.

Hasira zikanipanda kweli. Siku nzima na usiku! Moshi, goti, ngoma yote nimeikosa. "Sasa kama ulijua, bibi, si ungeiacha mashine peke yake, na mimi nikaenda ngomani na wenzangu?"

Alikuwa ameinama, anamtoa kifaranga aliyekauka na kumpangusa ganda mgongoni kwa kidole. Hakuinua kichwa.

"Nimwachie nani mayai, kitu kilichopigwa pasi?" alisema. "Si nimekuachia wewe. Mjukuu nilishakupa, mayai nitakunyima?"

Nikainama kando yake nikaanza kuwahesabu vifaranga, ingawa nilikuwa nimeshawahesabu.