Diski Mbili za Jirani Yangu Marehemu

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilianza usiku, ikaacha wakati wa misa, kisha ikarudi kidogo kidogo, ile mvua isiyolowesha nguo lakini inakutia baridi shingoni. Matope mekundu yamefika mpaka kizingitini.

Leo tumemaliza matanga ya jirani yangu, aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani pamoja nami. Nataka kuandika mambo kama yalivyokuwa, bila kujipamba na bila kumwonea mtu. Sijui kama nitaweza. Shule yangu iliishia darasa la tano kwa mapadri, na maneno yangu mara nyingi yanasema pungufu ya ninavyotaka, au yanazidisha.

Marehemu alikuwa na diski mbili za mwimbaji mmoja, mama wa Ulaya anayeimba Kifaransa na piano nyuma yake. Nyimbo ni zile zile, picha ya jalada ni ile ile. Ila moja ilitengenezwa ng'ambo. Aliachiwa na mkubwa wake wa kazi, Mbelgiji, siku aliporudi kwao. Nyingine ilitengenezwa Kinshasa. Aliinunua mwenyewe alipokuwa kijana bado. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa nyumbani kwake tukizilinganisha. Mtu anaweza kucheka, lakini tulikuwa na utaratibu: upande mmoja wa hii, halafu upande ule ule wa ile, kwa sindano ile ile, na lazima tumalize kabla wanawake wa kambi yetu ya wafanyakazi hawajawasha majiko ya umeme. Wakishawasha wote pamoja umeme unalegea, gramofoni inachoka, na yule mama anaanza kuunguruma.

"Ona, muke anageuka bwana!" marehemu alikuwa akisema, na tunazima.

Ile ya ng'ambo ilikuwa safi. Ulimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Ile ya Kinshasa ilikuwa na mlio kama mafuta kwenye kikaango, na sauti ilikaa nyuma, kama mtu anayeimba chumba cha pili na mlango umefungwa nusu. Kwa haki niseme pia kwamba sauti za chini za piano zilikuwa nene zaidi kwenye ile ya Kinshasa. Nilimwambia marehemu hivyo, akakataa. "Weye unaihurumia tu," akasema. Labda alisema kweli. Mpaka leo siamini sana masikio yangu.

Wakati ile ya ng'ambo inapiga, hatukusema neno. Mwenye kukohoa alitoka nje. Wakati wa ile ya Kinshasa tulilegea, na marehemu aliimba juu yake kwa sauti yake ya kwaya, akikosea maneno ya Kifaransa bila aibu. Mke wake alituletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye jagi, akarudi jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapa kwetu, siku ya kumaliza matanga, ndugu za marehemu wanakuja kuchukua vitu vyake, na rafiki yake anaitwa aseme mbele ya watu wote marehemu ameacha nini. Ndugu hawawezi kujua, kwa sababu hawakuishi naye. Wanashika neno la rafiki. Rafiki huyo nilikuwa mimi.

Kaka mkubwa wa marehemu, anayefanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa huko Kakontwe, alisimama uani chini ya turubai.

"Sitwayen," akaniita, na watu wakacheka kidogo, maana siku hizi serikali imetaka sote tuitwe hivyo, raia. "Weye njo rafiki yake. Sema. Ndugu yangu iko na bintu gani?"

Nikataja: kitanda, baiskeli, cherehani, gramofoni, viti, nguo, diski mbili. Sikuficha kitu, sikuongeza kitu.

"Cherehani inaenda kwa dada yake," shangazi wa marehemu akasema kutoka kwenye mkeka. "Na gramofoni."

"Mama, na batoto batavaa nini?" kaka akajibu. "Cherehani inabakia. Gramofoni, minye iko na yangu. Tubebe baiskeli na nguo, inatosha."

"Unaacha yote! Ule muke atapata bwana mwingine, batacheza muziki na bintu ya mutoto wetu!"

"Basi bacheze. Ama unataka bakualike?"

Watu wakacheka, hata shangazi akaziba mdomo kwa kitenge. Ninaandika haya ili isisemwe kwamba yule kaka ni mtu mbaya. Angeweza kubeba hata sufuria.

Kisha akachukua zile diski, moja kila mkono. "Minye nataka kintu moja tu ya kumukumbuka ndugu yangu. Moja natwaa, moja inabakia kwa mama ya batoto. Sitaficha: nataka ile ya muzuri, maana minye njo mukubwa. Lakini naziona sawa tu. Sema, ni gani?"

Kuzipiga hatukuweza. Muziki haulii mpaka ndugu waondoke na mjane aogeshwe kuondoa msiba. Kila kitu kilikuwa kwenye mdomo wangu. Mjane alikuwa ameketi na kichwa chini. Akainua macho mara moja, akanitazama. Nikajiambia: anaomba nimwachie ile nzuri.

Nikagusa ile ya Kinshasa. "Hii."

"Kweli?"

"Hii njo ya muzuri. Ile ingine imechoka."

Kaka alivua koti lake, akaifunga diski ndani yake, akaondoka kwenye mvua na shati tupu.

Baada ya wanawake kumwogesha, mjane alikuja kwenye ua wetu na sufuria ya maharage yaliyobaki. Aliiweka chini, akabaki amesimama.

"Baba, mbona ulisema vile?"

"Nilikuachia ile nzuri, mama."

"Ya muzuri kwa nani?"

Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Akasema polepole, akitazama sufuria:

"Ile ya Bulaya, mulikuwa munanyamaza. Naye alinyamaza. Ule mama anaimba karibu sana, kama ameingia mu nyumba yangu. Mu ile ingine njo bwana yangu alikuwa anaimba. Minye iko mu jikoni, namusikia yeye tu, ule mama simusikie hata. Nilisema, wakienda wote, nitaiweka, pengine nitamusikia."

"Hukuniambia, mama."

"Hamukuniuliza. Muliniuliza tu kama munkoyo iko baridi."

Akaenda zake.

Nilikaa kwenye kiti nikijaribu kupima kosa langu. Nilimdanganya kaka wa marehemu kwenye kiti cha rafiki, mahali ambapo neno langu ndilo lilikuwa kila kitu. Nilisema ni huruma. Lakini nilipojichunguza nikakuta kitu kingine. Ile ya ng'ambo ikibaki kwa jirani, nani angekwenda kuisikiliza Jumapili? Mjane hajawahi hata kuishika. Nilijiachia mwenyewe diski, nikampa yeye jina la kuipokea. Sina hakika kwamba niliwaza hivyo pale uani. Sina hakika pia kwamba sikuwaza.

Nikachukua baiskeli, nikaenda Kakontwe.

Nilimsikia mwimbaji kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa saa ya majiko, sauti imezama, na mafuta yale ya kikaango yanalia chumba kizima. Kaka wa marehemu alikuwa peke yake, ameegemea gramofoni.

"Ingia, sitwayen! Sikia hii! Kweli weye iko na masikio. Safi kabisa!" Aliisifu kwa sababu mimi nilisema isifiwe. "Ndugu yangu, njo hii alipenda?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia: nzuri ni ile niliyoiacha, nilisema uongo, na tena mjane anaitaka hii, kwa sababu marehemu aliimba juu yake.

Akainua sindano taratibu.

"Ulinidanganya mu matanga ya ndugu yangu."

"Ndiyo."

"Sababu gani?"

"Nilimwonea huruma mama ya batoto."

Akaanza kuirudisha diski kwenye jalada lake.

"Na nilitaka ile ya ng'ambo ibaki jirani. Niendelee kuisikiliza."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Hiyo ya pili njo naamini."

Nikamwomba twende wote tubadilishe, jioni hii hii. Akatikisa kichwa.

"Niende mangaribi kwa muke ya ndugu yangu, na diski mu koti, na weye nyuma? Shangazi atasema nini? Atasema weye na ye mulipanga hii maneno, hata kaburi haiyakauka. Hapana. Ulisema mbele ya bantu, utasema tena mbele ya bantu. Jumapili ingine nabaita bote. Ukisimama, atapata diski yake na minye nitapata yangu. Usiposimama, ibakie vile."

"Niseme na ile ya huruma na ile ya masikio?"

"Yote mbili. Ukisema ya huruma tu, bataelewa vibaya."

Alikuwa na haki. Nikasema nitasimama. Hakunipa mkono, lakini alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nipite juu, kule chini karibu na machimbo matope yanameza gurudumu.

Niliporudi nilimweleza mjane kwenye ua, mke wangu akiwa karibu, ili pasiwe na la kuongeza. Sikuwa nimefikiria kwamba jina lake pia litasimama pamoja nami mbele ya shangazi. Nilifikiria aibu yangu njia nzima, ya kwake haikunijia hata mara moja. Nikamwambia hivyo, nikamwambia akikataa sitasema.

"Sema tu, baba," akajibu. "Batanisema tu, hata bila diski."

Ndani, mke wangu alinivua viatu vyenye matope, kazi ambayo hanifanyii siku nyingine.

"Utasema mbele ya ule shangazi? Weye mwenye unatetemeka ukisoma somo mu kanisa?"

"Nitasema."

"Basi sema haraka. Ukianza na mafasirio yako, huku haki, huku haki, shangazi atamaliza pombe yote ya bantu mbele hujafika ku diski."

Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona si mahali pa kucheka. Tulikula bukari, ugali wetu, na maharage ya mjane, yaliyotiwa chumvi kidogo tu, na mboga ya lengalenga ya nyuma ya nyumba. Watoto wakagombania ukoko.