Geti Nililolichomelea Siku ya Posa ya Diane

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipowasha mashine yangu ya kuchomelea, na naitaja saa hiyo kwa sababu ndiyo saa ya mwisho ambayo mke wangu aliniita mtu mwenye akili. Aibu niliyoipata kufika saa nane mchana sikutengenezewa na mtu. Niliitengeneza mwenyewe, kwa kalamu, rula na karatasi ya mistari.

Siku hiyo, saa nane mchana, tulikuwa tunapokea wageni wa kumposa binti yetu Diane, hapa kwetu Kicukiro. Mahema yalikuwa yamesimama, viti vimefungwa vitambaa, na kilichobaki ni geti. Bawaba yake ya juu ilikuwa na ufa, hivyo geti lilikwaruza chini kila likifunguliwa na kutoa mlio wa kukera. Mama Diane alikuwa ameongea wiki nzima kuhusu kumwita Kazungu, fundi mwenye karakana pale kona ya barabara. Kazungu alikuja, akatazama, akasema faranga elfu nane na dakika ishirini za kazi. Nikamwambia asante, nitaifanya mwenyewe.

Sikuwa mjinga kabisa, naomba mnielewe. Mimi ni mtu wa kusoma. Umeme wa nyumba nimejifunza vitabuni, bomba nimejifunza vitabuni, na mashine hiyo niliinunua mwezi mmoja kabla, nikasoma kijitabu chake mara mbili (pamoja na kurasa ambazo aliyezitafsiri alikuwa amechoka). Nikamwita fundi umeme akavuta waya mnene kutoka kwenye boksi la swichi hadi gereji, akaweka soketi kubwa na breka yake. Kwa majuma mawili nilikaa gerejini kila jioni nikiunganisha vipande vya nondo, na vilishikana vizuri, hata nikaviweka mezani sebuleni wageni wavione. Mwishoni nikaandika hatua kumi na nne za kazi ya geti. Hatua ya sita inasomeka hivi, kwa mwandiko wangu: "Kunjua waya WOTE wa ekstensheni kabla ya kuwasha."

Kutoka gereji hadi getini ni mita kumi na mbili. Ekstensheni yangu ina mita hamsini, imezungushiwa kwenye gurudumu lake. Nilipoanza kuukunjua, Mama Diane akatokea na mikeka mikononi.

"Baba Diane, hizo nyaya zote unazimwaga wapi? Wakwe wapite wanaruka kama mbuzi?"

Nikatazama ua uliofagiwa, nikatazama karatasi yangu, nikaamua kuvuta mita kumi na mbili tu na kuziacha zile thelathini na nane kwenye gurudumu. Ni kazi ya dakika tano, nikajiambia. Uamuzi wenyewe ndio huo.

Waya mrefu uliojiviringa hunyonya nguvu ya umeme na kujipasha moto. Hilo nalijua, ningeweza kulifundisha. Lakini nilipogusisha kijiti cha kuchomelea kwenye bawaba na kikaganda badala ya kuwaka, nikakibandua, kikaganda tena, mara ya tatu, sikufikiria waya. Nilifikiria kwamba mashine inahitaji kuongezwa. Nikaongeza. Kikaganda. Nikazungusha kitufe hadi mwisho. Safari hii ukawaka mwanga wa ajabu, chuma kikayeyuka kama siagi, nami nyuma ya kioo cheusi nikajisikia fundi kwelikweli. Nilichomelea vijiti viwili vizima. Nikasikia harufu ya plastiki (nikadhani ni kiatu changu), kisha pakalia *pwaa* gerejini na muziki wa kijana wa spika tuliyemkodi ukakatika katikati ya wimbo.

Gurudumu la waya lilikuwa limeyeyuka na kuwa kitu kimoja, kama mkate. Nikachomoa, nikapandisha swichi kuu ya nyumba, ikashuka. Nikapandisha tena, ikashuka, na mara hii ikatoa moshi kidogo, ikatulia kabisa. Ilikuwa ya tangu nyumba ijengwe. Breka ya gereji ilikuwa mpya, hiyo kuu sikuigusa.

"Sawa," nikamwambia Mama Diane, "umeme umekwenda, lakini geti limepona." Nikalishika ili nimwonyeshe.

Geti halikusogea.

Nikasukuma kwa bega. Halikusogea. Nilipoinama kutazama bawaba, nikaelewa: chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimeingia ndani, kikaunganisha pini na mrija wake. Sikuwa na bawaba tena. Nilikuwa na ukuta wa chuma wa mita tatu, uliofungwa, na kimlango kidogo katikati yake cha kupita mtu mmoja akiwa ameinama.

Kuanzia saa tano hadi saa saba na nusu nilipiga nyundo na kukata kwa msumeno wa mkono, na kila aliyeniuliza nilimjibu "dakika tano." Ningeweza kumpigia simu Kazungu. Sikumpigia. Nilikuwa nimemwambia nitaifanya mwenyewe, na kumwita kulikuwa kunaniuma kuliko malengelenge ya viganja. Diane akachungulia dirishani, nusu ya nywele zimesukwa, na hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Baba," akasema, "wataingia, sivyo?" Nikasema wataingia. Mama Diane ndiye aliyemtafuta Kazungu, saa nane kasoro dakika ishirini, bila kuniuliza.

Sasa, mtu anayejua posa za kwetu anajua kwamba wageni huchelewa, na msemaji wetu, shemeji yangu Mzee Gaspard, alikuwa ameshaandaa utani wa kuwatoza faini. Wageni hao walifika kabla ya saa nane kwa dakika kumi. Nilisikia milango ya magari, viatu, akina mama wakipangana na vikapu vyao kichwani, halafu hodi.

Gaspard akanitazama. Nikamnong'oneza ukweli. Yeye, bila hata kukunja uso, akasimama mbele ya geti lililofungwa na kuongea kwa sauti yake ya kanisani:

"Ninyi mliogonga! Nyumba hii ina watu wake. Mnatafuta nini?"

Nje wakacheka kwa furaha. Walidhani ni sehemu ya sherehe! Desturi inaruhusu upande wa binti kuwasumbua wageni: huwatambui, binti ameshaposwa kwingine, binti amesafiri. Jambo la geti kufungwa walikuwa hawajaliona, lakini waliona limebuniwa vizuri. Msemaji wao, mzee aliyeitwa Tharcisse, akajibu kupitia chuma:

"Tumetafuta ng'ombe wetu aliyepotea, nyayo zake zimeishia hapa."

"Hapa hakuna ng'ombe aliyepotea. Kuna kimlango kidogo, piteni muondoke na kiu yenu."

"Sisi hatuji kuomba mke tumeinama!"

Makofi nje, makofi ndani. Wakaendelea hivyo kwa robo saa, na katika robo saa hiyo Kazungu alikuwa nje, nyuma ya watu arobaini waliovaa vizuri, mashine yake ya kukatia ndani ya gunia, hawezi kupita kwa sababu hakuna anayekatisha wasemaji. Mara moja nilisikia sauti yake kwa mbali: "Wazee, malizeni maneno, mimi nikate chuma!" Wakamnyamazisha.

Hapo Tharcisse akasema neno lililonimaliza. "Basi tumeona uzito wa nyumba hii. Juu ya ng'ombe tuliokubaliana, tunaongeza mmoja. Fungueni."

Vigelegele. Gaspard akanigeukia macho yanawaka. "Baba Diane, nyamaza hivyo hivyo," akaninong'oneza. "Umeleta ng'ombe kwa vijiti viwili."

Mimi si mtu wa maneno mengi, na sikuwa na haki ya kuongea. Siku hiyo baba wa binti hukaa kimya na msemaji huongea. Lakini niliona jinsi nitakavyomtazama mkwe wangu machoni miaka ishirini ijayo nikiwa nimekula ng'ombe wa kosa langu. Nikafungua kimlango, nikainama, nikatoka nje na aproni yangu nyeusi ya masizi.

"Wazee wangu, geti halikufungwa kwa desturi," nikasema. "Nimelichomelea mimi asubuhi na sijui kuchomelea. Halifunguki. Ng'ombe huyo rudisheni."

Hakuna aliyecheka. Kisha baba wa kijana aliyekuja kumposa Diane, mtu mfupi mwenye suti ya kijivu, akasogea, akaigusa bawaba, akatazama mikono yangu.

"Mkwe," akasema, "mimi pia ninayo mashine kama hiyo. Mke wangu ameificha, hadi leo sijui iko wapi."

Ndipo wakacheka, hata Tharcisse akashika fimbo yake asianguke. Kazungu akapitishwa mbele kama mgeni rasmi, akavuta waya kwa jirani juu ya ukuta (akaukunjua wote, nilimwona), akatazama kazi yangu, akatikisa kichwa. "Mzee, hii umechoma kama unajenga daraja." Akina mama wakafunika mishanana yao, yale mavazi ya sherehe, kwa miavuli, cheche zikaruka, na vijana sita wa upande wa kijana wakalibeba geti na kuliegemeza ukutani.

Gaspard, ambaye huwezi kumnyang'anya neno la mwisho, akasimama pale palipokuwa na geti na kusema: "Ingieni. Kwenu ninyi nyumba hii haina geti tena." Diane alikuwa dirishani, na niliona anafuta macho.

Mkwe huyo wa suti ya kijivu kila akija husimama kwenye geti ambalo Kazungu alilirudisha, huigonga bawaba ya juu mara mbili kwa kidole, na kuuliza ng'ombe wake niliyemkataa anaendeleaje. Mimi huenda kuleta vinywaji. Kuchomelea nimeacha, chochote cha chuma kikivunjika, namwita Kazungu, na nakaa mbali naye kwa hatua tano.

Hesabu nimeifanya, kama kawaida yangu. Mashine laki moja na arobaini elfu, ekstensheni mpya elfu arobaini na tano, swichi kuu elfu sita, Kazungu elfu kumi na mbili. Mashine nimemuuzia Kazungu mwenyewe kwa laki moja. Toa zile elfu nane alizoniomba mwanzoni, na hasara yangu ni faranga elfu tisini na tano.