Kisanduku cha Saa

Hospitalini walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakuna ukurasa uliopita mikononi mwake ukatoka bila nukta mahali pake. Alianza kazi akiwa mpokeaji wa wagonjwa, na shule yake iliishia darasa la saba, lakini alijua jinsi watu wanavyouliza mambo dirishani. Ndiyo maana tovuti ya hospitali ilipoanza kuandikwa kwa lugha tano, Kiswahili alikabidhiwa yeye. Kwa miaka kumi na mmoja alizilea kurasa zile kama alivyowalea wanawe watatu: kwa wasiwasi, akizichungulia hata zikiwa zimetulia.

Sasa tovuti ilikuwa inahamishwa. Fundi, mtu mzima mwenye upara unaong'aa, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwamba mfumo mpya hauna kichwa. Maneno yote yatakaa kama ghalani, kila jambo na kisanduku chake. Simu, kompyuta na kioo kipya cha matangazo cha ukutani vitakuja vyenyewe kuchota na kuyavalisha sura.

"Hauna kichwa au hauna uso?" aliuliza Bi Nukta.

"Hauna kichwa, mama."

"Na anayefikiri ni nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Ijumaa asubuhi alifungua ukurasa wa kliniki ya macho ulivyohamia. Zamani aliandika kwa mkono wake, "kuanzia saa mbili asubuhi." Sasa paliandikwa "Kuanzia saa 8:00." Akafungua wa meno: saa 8:00. Wa mifupa: saa 8:00. Asiyejua mambo ya kompyuta angesoma saa nane, akaja mchana akakuta kufuli.

Fundi alimsikiliza huku akichapa. Saa ni namba, alisema, na namba haina lugha. Kwa hiyo lugha zote tano zina kisanduku kimoja cha saa. Akamwambia aandike ombi. Bi Nukta akaandika ombi, na kabla chai yake haijapoa likarudi na maneno mawili: si kosa. Alilisoma mara tatu, kila mara akizidi kuchoka.

Ndipo alipomkumbuka shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alikuwa amebakiwa na jicho moja tu, nalo lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Bingwa wa macho alikuwa akija mara moja kila miezi mitatu, na zamu yake ilikuwa Jumatatu hii, mwisho saa sita mchana. Bi Nukta akampigia simu kumkumbusha awahi saa mbili.

"Mbona mtandao wenu unasema saa nane?" shangazi akauliza. "Nimekuza maandishi mpaka yakajaa kioo."

"Si saa nane, shangazi. Ni saa mbili asubuhi."

"Si wewe unayeuandika? Miaka yote unaniambia nisisikilize maneno ya watu, nisome ulichoandika. Nimesoma. Sasa unabishana na nani?"

Bi Nukta aliinuka na simu yake, akaenda mpaka mezani kwa fundi, akaweka sauti ya wazi na kumweleza shangazi kwamba mwenye kisanduku kinachosema saa nane ni huyu hapa.

"Baba," shangazi akamwita fundi kwa upole, "chakula cha mchana unakula saa ngapi?"

"Saa saba, bibi."

"Na hicho kisanduku chako kinakula saa ngapi?"

Fundi akatazama pembe ya kompyuta yake. Ilikuwa na ratiba ya siku, na chakula kimeandikwa 13:00. Akajikuna upara.

Alikubali, lakini kukubali kwake hakukufungua kisanduku. Kukigawa kwa lugha tano kungechukua wiki mbili. Alichoweza siku ile ni kuificha saa kwenye kurasa za Kiswahili, ili Bi Nukta aiandike kwa maneno katika kisanduku cha maelezo, ambacho kila lugha ilikuwa na chake. Kurasa zilikuwa mia na themanini na sita. Bi Nukta akasonya, akavuta kiti. Alichapa Ijumaa yote na Jumamosi yote, saa mbili asubuhi, saa mbili asubuhi, mpaka vidole vikawa vinaijua njia bila yeye. Ukurasa wa kwanza kurekebishwa ulikuwa wa macho, na hapohapo akamtumia shangazi ujumbe: soma tena.

Jumatatu aliingia mapema, akakuta wagonjwa wa kliniki ya macho wanainuka kwenye mabenchi na kuondoka wakinung'unika. Juu yao kioo kipya cha ukutani kilimeremeta: Kliniki ya Macho, saa 8:00. Hakuna aliyekumbuka kwamba nacho huchota kwenye kisanduku kilekile.

Kwenye benchi la mbele alikuwa amebaki mtu mmoja, mkoba mapajani.

"Wanasema eti kimeandikwa kitu pale juu," shangazi akasema. "Mimi sikioni. Ulichoandika wewe ni saa mbili, nami nimekaa."

Muuguzi akafungua mlango, akamwita wa kwanza. Bi Nukta akamshika shangazi mkono mpaka kizingitini, kisha akawakimbilia wale wengine kuwarudisha. Walipokwisha kukaa, akaenda kutafuta karatasi, gundi na ngazi.