Alama Nne za Vema

Likizo ile ya Desemba nyumba yetu ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, ilinuka bahari, ingawa kutoka kwetu bahari iko mbali. Harufu ilitoka kwenye ndoo mbili nyeupe zilizokaa kibarazani. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, na kila alipotoka Dar es Salaam alituletea dumu la maji ya chumvi. Rafiki yake mfuga samaki alikuwa amempa samaki sita wadogo wenye milia. Walikuwa wa dada yangu Rehema, aliyesoma kidato cha pili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kazi yangu ilikuwa kumsumbua anipe kazi.

Kisha baba akaambiwa atahamishiwa safari za Mbeya, na maji ya bahari yakawa yanaelekea kwisha. Rehema hakulia. Alimwagiza baba chumvi ya pakiti wanayotumia wafugaji wa samaki wa baharini, akaikoroga kwenye maji ya mvua, akasema lazima tuipime kwanza. Ndoo ya kwanza ikapata maji ya bahari, ya pili maji ya pakiti. Samaki watatu huku, watatu kule. Kivuli kimoja, chakula kilekile, pampu ya hewa kila ndoo. "Kitofautiane kitu kimoja tu," alisema, "la sivyo hatutajua kilichowaua." Samaki wa ndoo ya pili wakimaliza mwezi, wote wangebaki. Wakifa, baba angewarudisha waliosalia kwa rafiki yake katika safari yake ya mwisho ya Dar es Salaam.

Joto lilipunguza maji lakini chumvi ilibaki, kwa hiyo kila asubuhi tulijazia maji ya mvua kidogo mpaka kwenye mstari, maana chumvi ikibadilika ghafla samaki hufa, tukaweka alama ya vema daftarini. Wiki ya tatu bibi alilazwa hospitali ya Berega. Rehema akaenda kumuuguza siku nne, akaniachia ndoo zote mbili. Maji ya mvua yaliyokuwa kwenye dumu yalitosha ndoo moja tu kwa siku hizo. Mengine yalikuwa kwenye pipa nyuma ya nyumba, na wenzangu walikuwa wananiita kucheza rede. Nilijaza ya kwanza, ya pili nikasema baadaye. Nikafanya hivyo siku zote nne. Niliposikia Rehema anarudi, nikamimina maji yote kwa mkupuo na kuandika alama nne za vema kwa kalamu moja.

Asubuhi samaki watatu wa ndoo ya pili walikuwa wanaelea. Rehema alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Mimi nililia kwa aibu, yeye akadhani ni kwa huruma.

"Usilie, mdogo wangu. Wewe umefanya kazi yako. Chumvi ndiyo haifai."

Akaandika hivyo daftarini, na baba akaondoka na waliobaki. Kitu cha pili kilichotofautiana kilikuwa mimi, na hakuna aliyejua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Rehema Mikumi, anakoishi sasa. Binti yake Zawadi alikuwa ameona kwenye simu watu wanaofuga samaki wa baharini majumbani, akaomba wajaribu.

"Tulishajaribu," Rehema akamwambia. "Chumvi ya pakiti inawaua. Muulize mama yako mdogo, alikuwepo."

Zawadi akanigeukia. "Kweli, mama mdogo?"

Safari hii hakuna aliyeniita kucheza. Nina miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimekaa kwenye kochi la dada yangu, nikinywa chai yake.

"Kweli," nikasema.