Jepkosgei Hakumuaga Mgeni Mlangoni

Jepkosgei hakuwahi kumuaga mgeni mlangoni. Alikaa Oxon Hill, kule Marekani, orofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake iligoma kila wiki ya pili, na bado ulipoinuka kuondoka alivua kandambili, akavaa viatu, akachukua funguo na kushuka nawe. Alivuka nawe uwanja wa kuegeshea magari. Ukiwasha gari alisimama palepale, shali ameishikilia kifuani, mpaka taa zako zikapinda kona. Januari moja, theluji imeganda chini kama kioo, nilimwambia, "Mama, rudi ndani, utateleza."

Akanijibu, "Kwani ulikuja kutembelea mlango?"

Alizaliwa karibu na Kapsabet, akafundisha ushonaji miaka mingi katika shule ya ufundi, akaja Maryland kumlea mjukuu. Mjukuu akakua, yeye akabaki. Nilipomfahamu alikuwa mhudumu wa usafi katika jumba la wanafunzi la chuo kikuu kimoja kikubwa. Mimi nilifanya kazi orofa ya juu, katika ofisi iliyogawa vyumba vya mikutano. Niliandika nani atatumia chumba kipi. Yeye alivipanga viti. Tulikula chakula cha mchana pamoja miaka sita, mara nyingi bila kusema mengi. Nilikuwa mtu wa kimya, na yeye hakuniuliza kwa nini.

Nitasimulia jambo moja tu la maisha yake, kwa sababu ndilo ninalolirudia moyo unapokuwa mzito.

Chuo kile kilikuwa na sororiti kumi na saba, vile vyama vya wasichana wanaoapa kuwa dada. Kila Septemba wasichana wapya mia kadhaa walizungushwa kutoka chama hadi chama, wakitazama na kutazamwa, mpaka Jumapili ya mwisho kila mmoja akaandika chama anachokitaka, nacho kila chama kikapeleka mialiko kwa kiliowataka. Lakini nyumba za vyama zilikuwa kumi na nne tu, zote katika mtaa mmoja wenye nguzo nyeupe na vibaraza, na kiwanja cha kujenga nyingine hakikuwepo. Hata vyama vyenye nyumba vilikuwa na vitanda thelathini na kitu kwa wasichana mia moja. Hilo halikuvizuia kuvitumia vitanda hivyo kama chambo. Msichana wa miaka kumi na minane, aliyebanwa na wenzake watatu katika chumba kilichojengwa kwa wawili, ukimwonyesha ngazi ya mbao na jiko lenye mpishi, ukamwambia, "Mwaka ujao huenda ukalala hapa," ile "huenda" haisikii kabisa.

Vyama vitatu visivyo na nyumba vilipokea wageni katika jumba letu. Kimojawapo kiliongozwa na Nkatha, binti wa wazazi wa Meru wanaokaa Upper Marlboro. Chumba chao kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, zulia lake rangi ya maji ya dengu. Kutoka mtaa wa nyumba ulitembea dakika ishirini kukifikia. Miaka mitatu nyuma walikuwa wasichana sitini. Mwaka huo wa 1997 walibaki ishirini na mmoja. Makao makuu ya chama chao yalikuwa yameandika barua: wakikosa kupata wapya kumi na watano, tawi litafungwa.

Nkatha alimsimulia Jepkosgei hayo wakipandanisha viti. Msichana alikielewa Kiswahili chote, lakini alijibu kwa Kiingereza.

"Siku ya kwanza wanakuja wote, Anti, tunacheka nao. Wakishaziona nyumba za kule, hawarudi."

"Ongea Kiswahili, wewe. Ama unakijua wakati wa chapati tu?"

"Basi nina njaa," Nkatha akasema kwa Kiswahili, wakacheka wote wawili.

"Na wakiondoka, mnawafikisha wapi?"

"Mlangoni. Kanuni inatukataza kuongea nao nje ya chumba. Hata salamu."

Jepkosgei alibandika kiti juu ya kingine kwa kishindo. "Mgeni aachwe mlangoni! Mimi pia nisingerudi."

Jumapili ya mwisho ilinyesha mvua tangu asubuhi. Siku hiyo wasichana hawakuwa na wa kuwaongoza; kila mmoja alitoka chama kimoja akaenda kingine peke yake. Kuanzia saa tisa wageni wa Nkatha walitoka kwa makundi, wakasimama chini ya paa la jumba na viatu vyao vyembamba, wakiitazama mvua. Wenyeji wao walibaki ndani wakiwaangalia kupitia kioo, midomo imefungwa kama kanuni ilivyotaka.

Jepkosgei alifungua kabati la vitu vilivyosahauliwa, akatoa mwavuli mmoja mkubwa wa wacheza gofu. Akawachukua wanne wanne, akiwa amevaa sare yake ya kazi, funguo zikilia kiunoni, akawapeleka mpaka barabara inapoanza mtaa wa nyumba. Alikwenda na kurudi mara tano. Nilimkuta ngazini amelowa mpaka soksi.

"Mama, umetoka wapi?"

"Kusindikiza."

Asubuhi ya Jumatatu nilikuta barua mezani. Chama kimoja chenye nyumba kililalamika kwamba kina Nkatha walimtuma mwanamke kuwashawishi wageni nje ya chumba. Kesi itasikilizwa saa sita mchana. Ikithibitika, hawatapeleka mwaliko hata mmoja mwaka huo.

Nilishuka na barua mkononi. Jepkosgei aliisoma polepole, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimewamaliza wasichana wa watu," akasema.

"Sema hukuongea nao," nikamwambia. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilisema.

"Niliongea nao."

"Basi sema mliongea juu ya mvua."

"Tuliongea juu ya mvua. Na mmoja akaniuliza kitu, nikamjibu." Aliikunja barua akanirudishia. "Waringa, mimi nina umri gani wa kuanza kujifunza kudanganya watoto?"

Waamuzi walikuwa wanafunzi watano na mshauri wao, mwanamke wa ofisi yetu. Nilikuwa mwandishi wa kikao. Nkatha aliketi ukutani, mikono chini ya mapaja.

Mwenyekiti, msichana mwenye kalamu mbili, akauliza, "Nani alikutuma?"

"Mvua."

Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka. "Uliwaambia nini kuhusu chama hiki?"

Nkatha alifumba macho.

"Msichana mmoja mwenye miwani aliniuliza, ungekuwa mimi ungeingia chama gani? Nikamwambia, vyama sivijui, najua viti. Vikundi kumi na kimoja hutumia chumba kile. Hawa tu ndio wanaovipanga viti wenyewe wakimaliza."

Lilikuwa ndilo hasa jambo walilolilalamikia, naye alikuwa amelitoa kwa mkono wake mwenyewe. Nilishika kalamu bila kuandika. Nilifikiria wale wasichana ishirini na mmoja, na barua ya kufungwa ambayo huenda ingepitia mezani kwangu.

Mshauri akaagiza msichana mwenye miwani atafutwe. Alipatikana mkahawani, akaja anahema, msichana mrefu wa Annandale, sandwichi bado mkononi.

"Ndiyo, aliniambia hivyo," akasema. "Nilipenda sana jibu lake."

"Na jioni uliandika chama gani?"

Alimtazama Jepkosgei, masikio yakawa mekundu. "Samahani, mama. Niliandika chenye ile nyumba ya kona. Nilitaka kitanda."

Jepkosgei ndiye aliyeanza kucheka. "Ati nini? Na vile nilivyokufunika mwavuli, mimi mwenyewe nikilowa bega zima!"

Hapo hata mwenyekiti aliweka kalamu zake chini. Mshauri akaisoma kanuni kwa sauti, neno kwa neno: inawafunga wanachama na waliowahi kuwa wanachama. Haikumtaja mtu aliyeona mvua. Kabla ya saa saba malalamiko yalitupwa, na Nkatha alikuwa amemkumbatia Jepkosgei na sare yake na funguo zake zote.

Jioni ile majina yalitoka. Nkatha alizishuka ngazi mbio, na kwa mara ya kwanza sikusikia Kiingereza. "Anti! Kumi na saba! Tumepata kumi na saba!"

Jepkosgei alivuta kiti akaketi. Akawaacha wasichana wamalize kupanga vingine peke yao, akiwatazama tu, mikono imelala mapajani. Sijapata kumwona akipumzika hivyo tena.

Sijui kama mwavuli ndio uliowaleta wale kumi na saba. Yule wa miwani ni ushahidi kwamba si kila mtu huvutwa na kufikishwa barabarani. Wengine wanataka kitanda, na siwalaumu. Ninachojua ni kwamba mwaka uliofuata ofisi iliongeza kanuni: wageni wa vyama vya jumbani wapewe wa kuwafikisha mpaka mtaa wa nyumba, na miavuli. Niliipiga chapa mwenyewe, nikampelekea nakala. Aliisoma mara mbili. "Kumbe hii nayo wanaandika," akasema, akaikunja akaitia mfukoni.

Juni 1999 alirudi Kapsabet kwa kudumu. Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Siku hizo walituacha tusio na tikiti tuingie pia, kwa hiyo nilibeba begi lake la mkononi, nikapanda naye yale magari makubwa yanayopeleka abiria kwenye ndege, nikakaa naye mpaka walipoita safu yake. Nikasimama kwenye foleni naye. Foleni ikasogea, nami nikasogea. Tulipofika kwa msichana wa kukagua tikiti, Jepkosgei alinipokea begi, akanitazama miguuni kama mtu anayehakikisha nimevaa viatu.

"Sasa rudi, Waringa," akasema. "Umenifikisha."