Majivu Chini ya Karai

Nywele zangu ni fupi tangu mama afariki. Kazini wanadhani ni mtindo. Wenzangu pale Thamesmead, London, huniuliza kinyozi wangu ni nani, nami huwajibu kuwa ni mimi mwenyewe na mkasi wa jikoni, tukacheka. Sijawahi kuwaeleza kwamba kwetu mwenye matanga hasuki, na kwamba matanga ya mama yangu hayajaondolewa. Ningeanzia wapi?

Kwetu milimani, mtu akifa moto huwashwa uani na hauachwi uzimike mpaka waombolezaji watawanyike. Ukishazimika, majivu hubaki palepale katikati ya mafiga na hakuna anayeyagusa. Anayeyazoa ni binti mkubwa wa marehemu, kwa ufagio wa nyumba hiyohiyo. Akishayamwaga shambani, matanga yameondoka, na watu wanaweza kusuka, kuoana na kuendelea na mambo yao. Binti mkubwa ni mimi. Lakini mama alipofariki nilikuwa nasubiri jibu la kibali changu cha kuishi Uingereza kutoka ofisi ya uhamiaji ya Croydon, na ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, ombi limekufa. Basi nikamzika mama yangu kwa simu, nimekaa kitandani na sare ya kazi, picha inakatakata. Mdogo wangu wa kiume akaniambia, "Usijali, dada. Majivu yatakungoja." Sikumwamini hata kidogo. Anaishi mjini, safari ya siku nzima kutoka kijijini, masika yalikuwa mlangoni, na tangu utoto huyo hajawahi kutunza hata kalamu.

Mwaka huo, katika kazi yangu ya kutunza wazee, nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu wa historia aliyestaafu. Miguu ilikuwa imemwisha, ulimi bado. Ujanani mwake aliwahi kushiriki kuchimbua mabaki ya kijiji kilichohamwa karne nyingi zilizopita, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka London, na kila asubuhi nikimlisha uji alinipa habari zake kama vile wale watu ni majirani. Nyumba fulani walikuwa na ng'ombe. Nyumba fulani walipenda kuvunja vyungu. Kiangazi kilipofika akasikia kuna kikundi cha watu wa kujitolea kinachimba tena pale, akanibembeleza nimpeleke. Jumamosi moja tukapanda treni, kisha teksi, nikasukuma kiti chake cha magurudumu hadi katikati ya malisho.

Nilichokiona ni nyasi na kondoo. Nikamuuliza, "Kijiji chenyewe kiko wapi?"

"Umesimama barabarani," akasema.

Akaninyooshea kidole. Ule mfereji mpana uliojaa nyasi ndiyo barabara, imelika kwa miguu ya watu na mikokoteni. Vile vibonde na vichuguu pembeni ni nyumba. Kule mbali, ardhi iliyopanda na kushuka, ni matuta ya mashamba yao, na nikayatambua, maana nimelima matuta. Akanionyesha pia majani yanayowasha, yamejikusanya mahali pamoja. Hayo, akasema, hupenda kuota mahali watu walipoishi.

Nikauliza kama waliuawa na tauni. Akanicheka, akasema kila mtu anauliza hivyo. Tauni iliwapunguza, ndiyo, lakini waliobaki waliishi pale vizazi vingine. Kisha wakaanza kuondoka mmojammoja, kufuata ujira mzuri na ardhi nzuri zaidi, hadi wakabaki wachache, na mwenye ardhi akawafukuza ili afuge kondoo. "Hakuna siku ambayo kijiji kilikufa," akasema. "Ilikuwepo tu siku ambayo aliyebaki alikuwa mmoja."

Nilikasirika, na nilijua kwa nini. Kwetu hakuna bwana wa kondoo aliyemfukuza mtu. Mimi ndiye niliyeondoka wa kwanza katika rika langu, nikapigiwa vigelegele hadi kituo cha basi, na wengine wakafuata. Mama ndiye aliyebaki.

Msimamizi wa uchimbaji alikuwa mwanamke kijana, pua imeungua kwa jua. Alinipa mwiko kama wa fundi uashi, akanifundisha kukwangua udongo taratibu kwenye sakafu ya nyumba moja, huku bibi akitazama kutoka kwenye kiti chake. Saa nane hivi tukafika kwenye jiko. Mawe bapa, mekundu kwa kuungua, na juu yake tabaka jembamba la majivu na vipande vya mkaa. Bibi akafuta macho.

"Hapa asiguse mtu," msimamizi akasema. Wakishakunywa chai angechukua majivu yale kidogokidogo kwenye mifuko. Kutokana na mbegu na mkaa wangeweza kujua walipika nini na kwa kuni gani, na labda moto wa mwisho ulizimika enzi zipi. Wakaenda kwenye hema, wakamsukuma na bibi. Nikasema nakuja.

Sikupanga. Nasema hivi kwa kuwa niliulizwa mara nyingi. Nilibaki nimepiga magoti mbele ya majivu ambayo hayakuwa na binti wa kuyazoa, na karibu yangu palikuwa na brashi ya mkono na ndoo. Nikafagia kama mama alivyonifundisha, kutoka pembeni kuja katikati, bila kurudisha ufagio nyuma. Nikazoa yote. Nikayapeleka kwenye yale majani yanayowasha, nikayamwaga, nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia kitandani siku ya simu. Niliporudi mawe yalikuwa safi kabisa, na kifua changu kilikuwa chepesi. Kisha nikamwona msimamizi amesimama, kikombe mkononi, anatazama jiko.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulipiga magoti majanini na chekeche hadi jioni, mikono imevimba, tukapata punje chache za mkaa zilizochanganyika na udongo wa leo na mavi ya kondoo. Akazitia kwenye mfuko mmoja, akauandikia kikaratasi, kisha akaniambia kwa upole kwamba hazitafaa.

Kwenye treni, tulipoanza kuona maghorofa, bibi akanigeukia. "Kwa nini?" akauliza. Nikamweleza yote: mama, moto, binti mkubwa. Nilitegemea anisamehe, maana wazee wa watu huwa wananisamehe. Akasema, "Pole kwa mama yako." Akatazama dirishani, akaongeza, "Nimengoja maisha yangu yote kujua nani aliwasha moto wa mwisho mle. Sasa hakuna atakayejua." Niliendelea kumhudumia hadi vuli ya huko. Uji alikula, habari za kijiji hakunipa tena.

Kibali kilikuja mwezi wa kumi. Nikanunua tiketi siku hiyohiyo.

Mdogo wangu alinipokea barabara kuu tukapanda mlima kwa miguu. Nilihesabu milango iliyofungwa kwa kufuli njiani, nikaacha kuhesabu. Uani kwa mama nyasi zilifika magotini. Lakini juu ya mafiga palikuwa pamefunikwa kwa karai la kuchanganyia zege, limekandamizwa kwa mawe makubwa, na kulizunguka kumechimbwa mtaro wa kupitisha maji. Masika yote alikuwa akipanda basi kutoka mjini kuja kuuzibua. Mara tatu, akasema, kisha akaona haya kwa kujisifu. Nilimwomba radhi, naye hakujua namwomba radhi ya nini.

Nikainua karai. Majivu yalikuwa makavu, yametulia, na ndani yake kipande cha gunzi lililoungua. Kuna mtu alichoma hindi usiku wa kumlilia mama yangu.

"Zoa, dada," akasema, akinipa ufagio. "Ukimaliza tufunge nyumba moja kwa moja. Wanangu hawatakuja kukaa huku. Na wako wewe, je?"

Binti yangu kazaliwa London. Nikimsemesha kwa lugha ya kwetu ananijibu kwa Kiingereza.

Nikapiga magoti, nikafagia kutoka pembeni kuja katikati. Ilipobaki kiasi cha kiganja kimoja, na lile gunzi, mkono ulikataa. Wale watu wa malishoni niliwanyima moto wao wa mwisho. Mama sikuweza kumnyima wake. Siku moja mtu atapita hapa, aone nyasi tu na majani yanayowasha, aulize kijiji kiko wapi. Nikarudisha karai, nikapanga mawe juu yake moja baada ya jingine.

"Dada, hujamaliza."

"Najua."

"Basi matanga hayajaondoka."

"Najua, mdogo wangu."

Alinitazama kichwani, nywele zangu zilizokatwa kwa mkasi wa jikoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe la mama, akaanza kuzibua mtaro, maana mvua za vuli zilikuwa karibu.